Klabu ni Wanachama: Somo la Majoka Mawili

Ndugu zetu wa visiwani watuwie radhi ikiwa leo tunaianza safari yetu mbali na maji ya Ziwa Victoria. Tunawaomba watufuate kwanza hadi pwani ya mashariki ya Hispania, kwenye mji wa Badalona, ulio jirani na jiji la Barcelona kando ya bahari ya Mediteranea. Mji huo una wakazi zaidi ya laki mbili, na kama ilivyo Hispania nzima, mchezo unaotawala huko ni soka. Hata hivyo wapo watu wa mji huo ambao, baada ya kazi na masomo yao, huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, wakaingia uwanjani kucheza mchezo ambao majirani zao wengi hawazijui hata kanuni zake. Mchezo huo ni kandanda ya Kimarekani.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua, tuueleze kwa ufupi. Timu ni mbili, na kila moja huingiza uwanjani wachezaji kumi na mmoja. Mpira wake si wa duara. Umechongoka ncha zote mbili, na aghalabu hubebwa mikononi au kurushwa. Hupigwa teke mara chache tu. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi, yaani mita tisa hivi. Ikizipata, hupewa nafasi nne nyingine. Ikizikosa, huwaachia wapinzani mpira. Hivyo uwanja wa yadi mia moja huvukwa kidogo kidogo, kwa kusukumana na kuangushana, na ndiyo maana mchezaji hawezi kuingia bila vifaa vya kujikinga, ambavyo ni vya bei kubwa.

Klabu ya mji huo inaitwa Badalona Dracs. Neno hilo, kwa lugha ya Kikatalani inayosemwa huko, maana yake ni majoka. Iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na imepata kuwa bingwa wa Hispania mara kadhaa. Lakini ni klabu ya ridhaa. Kama zilivyo klabu nyingine za mchezo huo nchini humo, uhai wake unatokana na ada za wachezaji na wanachama, na uwanja inaochezea ni mali ya manispaa.

Jirani yake, katika jiji lenyewe la Barcelona, lilizaliwa joka la pili. Mwaka 1991 wakubwa wa kandanda ya Marekani, wenye ligi yao tajiri ya NFL, waliamua kuueneza mchezo wao Ulaya. Wakaunda ligi, wakaweka timu Barcelona, wakaiita Barcelona Dragons, yaani majoka vile vile, ila kwa Kiingereza. Timu hiyo ilicheza katika uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc. Wachezaji wake wengi walitoka Marekani, nao walilipwa. Mwaka 1997 ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo mbele ya watu wa Barcelona. Joka la Badalona lilikuwa mjusi tu mbele yake.

Mwaka 2003 wenye fedha walipiga hesabu zao, wakaona Barcelona haiwalipi, wakaifunga timu. Mwaka 2007 wakaifunga ligi nzima ya Ulaya. Mwaka 2021 jina la Barcelona Dragons likafufuliwa katika ligi nyingine mpya ya Ulaya, nayo timu hiyo, baada ya msimu wa 2023, ikatoweka tena. Joka lililolishwa na tajiri limekufa mara mbili. Joka lililolishwa na wanachama halijafa hata mara moja.

Msomaji wa Nansio au wa Kome atauliza: majoka ya Hispania yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu hapa Mwanza nasi tumewahi kuwa na joka kubwa, likaanguka, na sasa limeinuka tena. Tunaizungumzia Klabu ya Pamba.

Wazee wa Kirumba, Kawekamo, Mabatini na Igogo hawahitaji kukumbushwa Pamba ilikuwa nini. Waliiita TP Lindanda. Herufi hizo mbili ni za jina la kujigamba lililoazimwa kwa ndugu zetu wa Kongo, Tout Puissant, maana yake mwenye nguvu zote. Nguvu hizo hazikuwa za maneno. Mwaka 1989 Pamba ilitwaa Kombe la Nyerere, na kwa kombe hilo ikaingia mwaka 1990 katika mashindano ya washindi wa makombe barani Afrika. Huko iliikumba Anse Boileau ya Shelisheli, ikaifunga kwa jumla ya mabao 17 kwa 1 katika michezo miwili. Mwaka huo huo wa 1990 ikatwaa na ubingwa wa Ligi ya Muungano. Katika enzi hizo za Pamba alicheza Khalfan Ngassa, ambaye mwanawe, Mrisho Ngassa, alikuja kuichezea timu ya Taifa kwa miaka mingi. Mwaka 2011 mwana huyo aliingia uwanjani huko Marekani akiwa na jezi ya majaribio ya Seattle Sounders dhidi ya Manchester United, katika uwanja ambao ni wa kandanda hiyo hiyo ya Kimarekani tuliyoanza nayo. Dunia ya michezo ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Kisha Pamba ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliteremka kutoka daraja la juu, na watoto wa Mwanza waliozaliwa miaka hiyo wakakua mpaka wakaoa bila kuiona ikicheza Ligi Kuu. Waliisikia kwa baba zao tu, kama wasikiavyo habari za sangara wa zamani waliokuwa wakubwa kuliko mtumbwi.

Kwa nini iliteremka? Wapo wanaosema ni viongozi wabovu, wapo wanaosema ni fitina, wapo wanaosema ni wachezaji kukimbilia Dar es Salaam. Yote hayo huenda yalikuwamo, kwa kuwa hakuna klabu isiyokuwa nayo. Lakini sababu iliyo mzizi wa yote imeandikwa katika jina lenyewe. Pamba ilizaliwa ndani ya zao la pamba na ililelewa na vyombo vya zao hilo. Wakati pamba ya Usukumani ilikuwa na chombo kimoja kikubwa cha kuinunua, kuichambua na kuiuza, klabu ilikuwa na baba. Mwaka 1994 soko la pamba lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Vyombo vya zamani vikadhoofika, vinu vingine vya kuchambulia vikanyamaza, na klabu ikabaki yatima mwenye jina la marehemu.

Haikuwa Pamba peke yake. Reli ya Morogoro, Sigara ya Dar es Salaam, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera, Bandari ya Mtwara: haya yalikuwa majina ya kutisha katika ligi yetu, na yote yalikuwa majina ya mashirika. Yalipovunjwa, au kuuzwa, au kuamriwa yaangalie biashara tu, timu zake zilikwenda nayo. Shabiki aliyekuwa akishangilia kila juma aligundua kwamba hakuwahi kuulizwa kitu wala hakuwa na cha kuzuia, kwa maana alikuwa mtazamaji, hakuwa mwanachama.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Zao la pamba lenyewe halikuanza na baba wa aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama kando ya mizani na kuona kilo zinavyosomwa. Kutokana na hatua hiyo ndogo vilikua vyama vya ushirika vya vijijini, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Shirikisho hilo halikujengwa na tajiri. Lilijengwa na senti za watu waliovaa kaniki na kutembea pekupeku. Na yafaa ikumbukwe kwamba lilijengwa katika miaka ile ile ambayo mkoloni alikuwa amepiga marufuku matawi ya TANU katika Jimbo letu, tangu 1954 hadi 1958. Wananchi walijua kujipanga hata pale walipokatazwa.

Sasa tuseme lililo zito kwetu kulisema. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Waliotoa amri walikuwa na nia njema. Walitaka kasi na utaratibu. Lakini mkulima aliyekuwa mwenye chama akageuzwa mteja wa mamlaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu virudi. Jengo lilirudi, lakini ile desturi ya mwanachama kujiona mwenye mali haikurudi yote. Jambo likishatolewa mikononi mwa watu, kulirudisha mikononi ni kazi nyingine kabisa. Sisi tuliolelewa katika Chama tunapaswa kulisema hili bila kusukumwa, kwa sababu ndani ya Chama tulifunzwa tangu ujanani kwamba uhai wa chama ni vikao na ada. Kama hiyo ni kweli kwa chama cha siasa, haiwezi kuwa uongo kwa chama cha mpira.

Mwezi Aprili 2024 furaha ilirudi Mwanza. Pamba, ambayo sasa inaitwa Pamba Jiji na kumilikiwa na Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu pamoja na KenGold ya Mbeya, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuzunguka katika madaraja ya chini. Msimu uliofuata KenGold na Kagera Sugar, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa, ziliteremka, nayo Pamba ikabaki. Tunaipongeza Halmashauri kwa dhati. Ilimwokota yatima njiani ikampa chakula, na hilo ni jema lisilopasa kudharauliwa.

Lakini tunauliza kwa adabu: tumempatia yatima nyumba yake, au tumempatia baba mwingine? Halmashauri ni chombo cha umma. Madiwani huchaguliwa na kuondoka. Wakurugenzi huhamishwa. Bajeti hubanwa, na inapobanwa, hakuna atakayesema dawa za zahanati zikatwe ili mshambuliaji alipwe, wala asiseme. Siku hiyo itakapofika, nani atasimama na kusema klabu hii haifi kwa kuwa ni yangu? Kama jibu ni watu wanne waliokaa ofisini, basi tujue kwamba tumelijenga upya joka la Barcelona.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mbao ya Mwanza ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kuisumbua Simba kule Dodoma hadi muda wa nyongeza, ikafungwa mabao 2 kwa 1. Mwaka 2020 ilikuwa imeteremka, na Alliance, ya mji huu huu, ikateremka mwaka huo huo. Gwambina ya Misungwi ikapanda, ikacheza msimu mmoja, ikashuka 2021. Toto African, yenye umri na mashabiki wake, ilikuwa imeshatangulia mwaka 2017. Kila klabu ina habari yake, nasi hatutaki kuzitia zote katika kapu moja. Twasema tu kwamba mkoa wenye watu wengi namna hii na mapenzi makubwa namna hii ya mpira haukosi vipaji wala mashabiki. Unachokosa ni daftari la wanachama.

Pengine mtu atasema ada ni desturi ya Wazungu, nasi hatukuzoea. Hasemi kweli. Kabla mpira wa ngozi haujafika kwenye fukwe hizi, Usukumani kulikuwa na vyama viwili vikubwa vya mashindano, Bagika na Bagalu, vilivyoanza katika karne ya 19 na ambavyo vipo hata sasa. Baada ya mavuno vikundi vyao hukutana uwanjani, huyu upande huu na yule upande ule, vikacheza ngoma kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Umati ndio mwamuzi, maana mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Anayefika Bujora, kule Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, huyaona hayo kwa macho yake. Vyama hivyo vimepita utawala wa watemi, wa Mjerumani, wa Mwingereza na wa kwetu. Havikuwahi kuwa na mfadhili mmoja, ndiyo maana hapakuwa na mtu mmoja wa kuviua kwa kuondoka. Mcheza ngoma wa Bagalu hakuajiriwa kucheza. Aliingia chamani kwa hiari yake, akabeba wajibu wake, na chama kikambeba siku ya shida.

Hiyo ndiyo maana ya neno letu ridhaa. Siku hizi tumelifanya neno hilo kuwa la kudharau, kana kwamba mchezaji wa ridhaa ni yule asiyejua kucheza. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Wachezaji wa Badalona hawajui mchezo wao nusu nusu kwa kuwa hawalipwi; wamekubali kwa moyo kuugharimia. Na mtu huwa mgumu kukiacha kife kitu alichokigharimia.

Sasa tugeuke visiwani, kwa kuwa huko ndiko jambo hili linakouma zaidi. Tumekwisha tembea Ukerewe, na Ukara, na visiwa vidogo vya kando yake, na tumeona namna timu nyingi zinavyozaliwa. Huja mwenye mitumbwi na nyavu aliyefanikiwa, akapenda vijana wachangamke, akanunua jezi na mpira. Timu hupewa jina, na kwa mwaka mmoja au miwili mwalo mzima huwa na furaha. Kisha samaki huhama, naye mwenye mitumbwi huwafuata, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake na hakuna wa kumlaumu.

Katika kisiwa kimoja, ambacho hatutakitaja ili tusiwaaibishe watu wema, tulikuta milango ya goli imesimama na hakuna timu. Tajiri alikuwa amehamia mwalo mwingine, na alipoondoka alichukua jezi na mpira, kwa sababu vilikuwa vyake. Vijana walituambia hayo bila hasira. Mmoja wao, msuka nyavu, alikuwa ameanza kuandika majina katika daftari la shule, na mbele ya kila jina shilingi mia mbili kwa juma. Tuliliomba daftari tukalisoma. Lilikuwa na majina kumi na tisa, na matano kati ya hayo yalikuwa ya watu wazima wasiocheza. Tulipoondoka walikuwa bado hawajafikisha bei ya mpira mmoja. Lakini tunakiri kwamba katika ziara ile yote hatukuona chama kilicho hai kuliko hicho kisichokuwa na mpira.

Tuwafanyie hesabu ndugu zetu. Kisiwa kikipata watu mia mbili wa kutoa shilingi elfu moja kwa mwezi, hiyo ni shilingi laki mbili kwa mwezi, na milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Fedha hizo hazitamleta kocha kutoka ng'ambo. Zitanunua mipira, zitashona nyavu za goli, zitalipa nauli ya kivuko na posho ya mwamuzi, na zitamtibu kijana aliyevunjika mguu. Tena ada ifuate mwendo wa maji. Mvuvi wa dagaa hupata riziki yake usiku wa giza, taa zinapowaka ziwani, na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Basi ada ikusanywe majuma ya giza, mwalo ukiwa na fedha, na mechi zipangwe majuma ya mbalamwezi, vijana wakiwa nchi kavu. Mtu wa ofisini aliyepanga ratiba kwa kalenda ya ukutani hawezi kulijua hilo. Wanachama wanalijua.

Baada ya kuwaeleza wananchi wajibu wao, haitakuwa haki tukiwaacha viongozi wapumzike. Tunayo mambo manne ya kuwaambia.

La kwanza ni la klabu ya Pamba. Tunaishauri Halmashauri ifungue daftari la wanachama wa Pamba Jiji, katika kata zote na visiwani pia, kwa ada ambayo mchuuzi wa Soko la Kirumba anaimudu. Wanachama hao wawe na mkutano wa mwaka unaosomewa hesabu, na wawe na viti katika uongozi vinavyotokana na kura zao. Halmashauri isiondoke, ibaki mlezi. Lakini ilee kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, ili siku mkono ukiachia, mtoto asianguke. Jijini Barcelona kwenyewe, klabu kubwa ya soka ya FC Barcelona ni mali ya wanachama wake zaidi ya laki moja, nao ndio wanaomchagua rais wake kwa kura. Ukubwa na uanachama havigombani.

La pili ni la viwanja. Kule Badalona manispaa hutoa uwanja na wanachama hutoa uhai. Huo ni mgawanyo mzuri wa kazi. Hapa kwetu kiwanja cha mtaa kisichopimwa huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa jinsi mji unavyokua kila pahali papana panatamaniwa. Tunaiomba mipango miji ya Jiji, ya Ilemela na ya wilaya zote za mkoa ivipime viwanja vya michezo, iviwekee mipaka na hati, na orodha yake ibandikwe mahali wananchi wanapoweza kuisoma. Kiwanja kilichoandikwa ni vigumu kukimeza.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Uwanja wa Kirumba ni mali ya Chama. Hatuwezi kuinyoshea Serikali kidole huku uwanja wetu tukiutazama kama duka la kukodisha tu. Tunapendekeza zitengwe siku maalumu katika mwezi ambazo timu za kata, za shule na za visiwani zitacheza humo kwa gharama ndogo, kwa ratiba inayotangazwa mapema. Kijana wa Ukara aliyekanyaga nyasi za Kirumba mara moja hatakuwa tena yule yule, na Chama kilichompokea hatakisahau.

La nne ni la usalama wa maji, na hili hatulisemi kwa sauti ya kubembeleza. Kwa mtu wa bara, mechi ya ugenini ni safari ya basi. Kwa kisiwa, mechi ya ugenini ni kuvuka Ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Kila nyumba ya Ukara inalijua hilo kwa jina la mtu. Basi mashindano yoyote ya tarafa au wilaya yatakayopangwa visiwani yapangiwe kwanza usafiri, ndipo yapangiwe zawadi. Timu isipakiwe na mashabiki wake katika mtumbwi mmoja kwa sababu fedha zimekwisha kwenye kombe na fulana. Kila msafiri awe na boya lake la kujiokolea, chombo kisizidishe watu, na upepo ukiwa mbaya mechi iahirishwe, na timu isiyofika isikatwe alama. Afisa wa michezo atakayeiandika kanuni hiyo atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyenunua kombe la fedha.

Tunajua itachukuliwa kwamba tunataka mambo yaende polepole wakati watu wana kiu ya ubingwa. Tajiri akija leo na fungu la fedha, timu itasajili, itashinda, na gwaride litapita barabara ya Kenyatta. Hatumkatazi tajiri kuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachosema ni kwamba amkute mwenyeji nyumbani, mwenye daftari lake na kikao chake, ili mgeni akiaga, nyumba ibaki na mtu wa kuwasha taa jioni.

Tukumbuke kanuni ya mchezo ule wa Badalona tuliyoieleza mwanzo. Hakuna anayedaiwa kuuvuka uwanja wote kwa pigo moja. Anadaiwa yadi kumi, na anapewa nafasi nne za kuzipata. Akizipata, anaruhusiwa kuendelea. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kwa kumsimamisha mtu mmoja kando ya mizani. Msuka nyavu wa kisiwa kile ameanza kwa majina kumi na tisa. Pamba Jiji, yenye jiji zima nyuma yake, haina sababu ya kushindwa kuanza. Yadi kumi za kwanza ni daftari, nalo linauzwa katika kila duka la Nansio.